Mguu wa Odete na Korosho za Msimu

Zeferino wa Mahurunga alikuwa mwanamume wa kujitapa. Mikorosho alipalilia mwenyewe, nyumba aliezeka mwenyewe, na mkewe Neusa alipovuka Ruvuma kwenda kumuuguza mama yake upande wa Msumbiji, watu wakauliza mtoto ataangaliwa na nani. Akajibu, "Kwani mimi nimekatika mikono?" Maneno ya namna hiyo mtu asiyatupe ovyo, hewa ina masikio.

Wiki haikuisha. Alikuwa anarudi shamba kwa baiskeli, binti yake Odete, wa miaka mitano, kampakia nyuma kwenye keria. Mtoto akasinzia, mguu ukaingia kwenye njiti za gurudumu. Mfupa wa muundi ukalia ka! kama kijiti kikavu. Hospitali ya mjini wakampiga picha, wakamfunga hogo, ile plasta nyeupe ngumu, kuanzia vidoleni hadi juu ya goti. Daktari akasema asikanyage, lisilowe, kisiingizwe kitu humo ndani. Akikanyaga mapema, mfupa utaunga upande, na mtoto atachechemea maisha yake yote.

Hilo la kuchechemea ndilo lililomkaa Zeferino kooni. Mtoto wake wa pekee, na aliyemvunja ni yeye mwenyewe.

Lakini korosho hazijui kama mtu ana mgonjwa. Msimu ulikuwa umepamba moto, zinaanguka usiku na mchana, na korosho ikikutwa chini na mvua hugeuka nyeusi, ghalani hawaipokei. Afanyeje? Akachukua kanga ya mkewe, akambeba mtoto mgongoni, hogo limechomoza ubavuni kama mpini wa jembe, akashika njia ya shamba. Jirani yake Shafii, Mmakua asiyejua kunyamaza, akamwona.

"Ee, yaya! Wanakulipa kwa mwezi au kwa kutwa?"

"Kamuulize mkeo. Ndiye anayeomba nimfundishe mumewe kazi hii."

Alijibu hivyo, lakini uso ulikuwa umemwiva kwa hasira.

Shambani akamtandikia mkeka kivulini. Odete alirithi jina la bibi yake mzaa baba, ndiyo maana Zeferino humwita mama, na ukali akauchukua wote.

"Mama, kaa hapo."

"Nimechoka kukaa."

"Nimesema kaa!"

"Wewe unazunguka, halafu mimi nikae?"

Akigeuza kisogo tu, mtoto huyo anajiburuta kwa makalio, hogo linachora mchanga. Kisigino cha plasta kikaanza kulika. Zeferino anaokota debe nusu, anakimbia kumrudisha mkekani, anaokota tena, anakimbia tena. Mwishowe akaona bora ampe kazi. Akamrundikia mabibo, akamwambia achomoe korosho moja moja.

"Lakini usipasue hata moja. Nikikuta umepasua, leo utanitambua."

Odete akatulia tuli. Baba mtu akaokota hadi jua likapinda, akajiona mjanja.

Jioni ndiyo kilio kikaanza. "Baba, inauma."

"Wapi?"

"Humu ndani."

"Inawasha hiyo. Daktari alisema itawasha. Vumilia."

Kesho yake akalia tena, na Zeferino, ambaye masikio yalikwishajaa vilio, akakumbuka alivyolelewa yeye: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Akamkaripia. Odete akanyamaza, akageukia ukuta. Siku iliyofuata hata uji hakuugusa, na ukingo wa hogo ulikuwa umelowa maji ya manjano yenye harufu.

Dada yake Zeferino, Beatriz, akaja akanusa, akashika kiuno. "Mfupa umeoza! Lete panga tulipasue dude hili, nikamwite fundi wa mifupa. Atamvunja kuku mguu, awafunge wote wawili dawa moja. Kuku akitembea, na mtoto anatembea. Si ndivyo ulivyoungwa mkono wewe?"

Zeferino akaunyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya dada yake. Ulikomea njiani, kiwiko kimepinda kama mundu.

"Huu hapa, dada. Uangalie."

"Jembe haushiki?"

"Unashika. Lakini Odete sitaki awe hivi."

Akaita bodaboda, akampakata mtoto, na njia nzima akawa anaitukana barabara, pikipiki na nafsi yake.

Hospitalini muuguzi aitwaye Witness akalikata hogo kwa mashine, Odete akipiga kelele. Lilipofunguka, nyuma ya goti kikadondoka kitu cheusi sakafuni. Korosho mbichi, ganda limepasuka. Pale ilipokuwa imebanwa, ngozi ilikuwa imeungua na kuchubuka, nyama nyekundu inaonekana. Nani wa Mtwara asiyejua mafuta ya ganda lile yanavyobabua?

"Odete," Zeferino akasema, "nani kaiweka humo?"

"Mimi. Niliipasua kwa jiwe. Ukasema nitakutambua, nikaificha."

"Sasa mbona hukusema inaunguza?"

"Nilisema inauma. Ukasema nivumilie."

Zeferino akatazama dirishani.

Wakampiga picha nyingine. Mfupa ulikuwa umeanza kushika, tena umenyooka. Akafungwa hogo jipya lenye tundu la kusafishia kidonda zahanati, na Witness akamwambia baba mtu bila kumung'unya, "Huyu aangaliwe. Siyo kuangaliwa huku mtu anaokota korosho."

Nyumbani Beatriz akauliza, "Na shamba je?"

"Okota wewe na wanao. Mtakazopata ni zenu."

"Zote? Neusa atasema nini?"

"Atasema mengi. Ila atanikuta nimekaa na mwanawe."

Mvua ikanyesha kabla Beatriz hajafika hata nusu ya shamba. Zeferino akaisikia ikipiga bati, akajua zinaharibika, kazi ya mwaka mzima inaoza chini, akauma meno. Odete alikuwa mkekani, mguu juu ya mto, anadai hadithi. Akamsimulia ya sungura na fisi.

"Siyo hivyo," mtoto akasema. "Mama anaanza na fisi."

"Basi msubiri mama yako!"

"Anza na fisi."

Zeferino akasonya, akavuta kigoda karibu na mkeka, akaanza na fisi.