Kilo za Kurukia Angani

Jumamosi, tarehe 8 Juni. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo kidogo tu kutoka ziwani.

Mdogo wangu aliolewa Kenya, pwani ya Diani, na mwezi wa nane naenda kumtembelea. Leo ametuma ujumbe kwamba huko kuna watu wanaruka kutoka kwenye ndege kwa mwavuli, na mgeni hufungwa kwa mikanda kifuani pa mwalimu, wakashuka wawili. Akauliza, "Dada, nikuandikishe?" Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri. Mimi niliyeishia darasa la saba, na ndege naziona zikipita tu juu ya Katubuka, mtaa wetu hapa Kigoma.

Mume wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Ndege ya kwanza maishani, na unashuka kabla haijatua."

"Wivu huo," nikamwambia.

Wale wa mwavuli walitaka umri na uzito, na uzito usizidi kilo tisini na tano. Hapo nikanywea, maana mimi ni mnene na sifichi. Nikaenda ufukweni Kibirizi, kwenye mzani tunaopimia dagaa wakishakauka. Mpimaji nimefanya naye kazi miaka mingi. Nikavua kandambili, nikapanda.

"Mama mkubwa, leo unajiuza mwenyewe?" akasema.

"Soma mzani, wewe."

"Tisini na nne."

Akina mama waliokuwa wanaanua dagaa wakapiga vigelegele, ingawa hawakujua ni vya nini. Nikatuma namba palepale. Nyumbani nikalala kifudifudi kitandani, nikakunja miguu nyuma na kuinua kichwa, kama mdogo wangu alivyonielekeza. Sijui kama nilipatia. Moyo ulikuwa unadunda kana kwamba mlango wa ndege umeshafunguliwa.

Nikiwa bado hivyo hivyo, nikakumbuka. Pale Kibirizi mpimaji hasemi namba anayoiona. Anatoa kilo mbili za gunia kwanza, ndipo anataja. Tumezoea hivyo, hata mimi nikimshikia mzani hufanya vilevile.

Nikarudi Kibirizi. "Uliponipima, ulinikata gunia?"

Akanitazama, akajishika kichwa. "Nilikata, mama. Mdomo umezoea."

Simlaumu. Mimi ndiye niliyepanda mzani wa dagaa nikitegemea unipime kama mtu. Akanipima tena, safari hii akataja anachokiona: tisini na sita.

Nyumbani mume wangu akasema niiache namba ya kwanza ibaki. "Kilo moja tu imezidi. Nani ataijua?" Hakusema kwa ubaya, nadhani alikuwa ameanza kuitaka safari yangu kuliko mimi. Na kweli nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nilijua nikisema ukweli huenda wakanifuta, na nafasi kama hii siioni ikirudi. Lakini mikanda ile itanishika mimi na mwalimu pia. Mtoto wa watu, hanijui, atanibeba kwa kuamini namba yangu. Nikaandika: "Ni tisini na sita. Ile ilitolewa gunia."

Nikingoja jibu, nikafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Mdogo wangu alipopiga, alikuwa anacheka. Amewaendea wale wa mwavuli, wakamwambia jina langu libaki, ila nitapimwa tena asubuhi ya siku yenyewe, na nikizidi hata kidogo nitabaki chini.

"Kwa hiyo dada, kilo moja tu. Miezi miwili."

"Moja na ziada," nikamwambia, "nisije nikakwama kwa uzito wa nguo."

Nimefurahi kiasi kwamba mwandiko huu unapanda na kushuka.

Jioni tumekula ugali wa muhogo, samaki wa migebuka, na sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa mawese. Nilijipakulia ugali nusu ya siku zote, na mchuzi wenye mawese nikamsogezea mume wangu. Akaumaliza bila kuuliza kitu, kisha akanimenyea chungwa.