Kanga Mbichi ya Adhuhuri

Nakumbuka adhuhuri moja uani kwetu Usagara. Mume wangu Athumani katoka kuuza nazi sokoni, hajavua hata viatu, kashika kanga yangu mbichi kwenye kamba anaikamua, maji yanamchuruzikia miguuni.

"Mama Zuhura, josho hili umemuogea nani?"

Mwanangu, nyie wa siku hizi mnaoga saa mnayotaka. Kwetu pwani, kuoga mpaka kichwani ndilo josho la baada ya kulala na mwanamume; mwanamke akioga hivyo mchana, na mumewe hajamgusa, ataulizwa. Na Athumani alihama kitanda changu tangu nilipokatwa titi. Kila akirudi anakuta kanga imeanikwa, nywele zimelowa, na udi wa kumpokelea mume sifukizi tena kwa kuwa moshi wake ulinipandishia joto. Akajumlisha mwenyewe, akapata mwanamume.

Ukweli ulikuwa huu. Saratani ilinikuta sijafika arobaini. Nilikatwa, nikatundikiwa dripu za dawa kali, kisha nikapewa vidonge vya kumeza kwa miaka. Dawa zile zilipigana na ugonjwa, zikanifungia na hedhi kabla ya umri wake. Joto likaanza kunipanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho kama nimemwagiwa kata ya maji, halafu baridi. Usingizi hakuna, hasira ziko jirani, na huko ndani kukavu hata kukaa kunauma. Nesi alinieleza mimi, hakumweleza Athumani. Nami nimelelewa kwamba mambo ya hedhi hayasemwi mbele ya mwanamume.

"Nakuuliza wewe! Ni yule muuza samaki anayepita hapa?"

"Muuza samaki ana meno mawili, Baba Zuhura."

"Meno hayahusiki!"

Usicheke. Alimwita mama yake atoke chumba cha uani aje awe shahidi, anataka kutamka talaka. Watoto wangu wadogo, kovu bado bichi, na kwa kaka zangu Pangani hakuna chumba. Neno moja tu likimtoka, niko barabarani na vidonge vyangu.

Wivu wa mume wangu mtaa mzima uliusikia. Wangu hakuusikia mtu, na ulikuwa mkubwa kuliko wake. Wifi yangu Saumu, mdogo wake Athumani, tuliishi naye. Mwezi wa Ramadhani akiwa kwenye siku zake hujificha nyuma ya pazia la jikoni anakula kiporo cha wali, huku ananung'unika tumbo linamkata. Mimi nafunga mwezi mzima pasi na kukatika, wanawake wananiambia mashaallah, nami namtazama yule binti natamani kumpokonya ile sahani na maumivu yake yote.

Basi mama mkwe akatoka, mkono kiunoni, akamwonyesha mwanawe mbuzi ya kukunia nazi.

"Kaa hapo."

Mwanamume mzima akakaa kwenye mbuzi. Ulikuwa wakati wa kipupwe, kila mtu kajifunika, na joto langu lisilo na adabu likapanda pale pale.

"Mshike mkeo shingoni."

"Mama..."

"Mshike!"

Nikamwinamia, akanishika. Akautoa mkono kama aliyegusa sufuria, akaurudisha. Jasho langu likamtiririka vidoleni.

"Sasa nionyeshe huyo mwanamume," mama mkwe akasema. "Mkeo anawaka mbele yako, yeye yuko wapi? Hizo ni dawa za hospitali, Athumani. Mimi hali hii ilinijia uzeeni, kidogo kidogo. Mwenzangu imemwangukia kwa mara moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nawe cha mkeo umekihama."

Akanigeukia. "Na wewe, mficha uchi hazai."

"Kuzaa kwangu kumekwisha, mama."

"Basi sema upate nafuu."

Talaka haikutamkwa. Kliniki iliyofuata Athumani aliingia nami mpaka ndani, akamhoji nesi kama mtu anayegombana. Alibeba na mizizi aliyouziwa ya kurudisha hedhi. Nesi akaikataza: saratani nyingine hulishwa na vitu vya namna hiyo. Wivu haukumwisha, uligeuka tu. Saumu akishika kipepeo cha ukili anipepee, anampokonya: "Mke wangu nampepea mimi."

Wivu wangu upo mpaka leo. Nikisikia msichana analalamikia siku zake, kuna mahali panachoma. Ule ni msiba usiowekewa matanga.

Kwa hiyo, mwanangu, mkeo au mama yako akitoka kwenye matibabu ya saratani, usidhani karudi kama alivyokwenda. Muulize. Mfungulie dirisha, mtafutie nguo nyepesi za pamba, maji yawe karibu, na akioga mchana mpe taulo. Nenda naye kliniki mkaseme yote, joto, usingizi, hata ukavu wa faragha. Tiba zipo, ila daktari ndiye ajuaye ipi inamfaa, si jirani wala muuza mizizi. Vidonge vyake asiviache mwenyewe kwa kuchoshwa na joto. Akikuonea wivu afya yako, usimwambie "shukuru umepona." Kaa naye. Na wewe binti, unapoumwa fungua mdomo, aibu haijamtibu mtu.

Mwenyezi Mungu akujaalie nyumba ambamo mwanamke hatafutiwi shahidi wa jasho lake. Amina.