Naam Tuliyoinunua

Nyumbani kwetu mtu akiitwa huitika. Hiyo ilikuwa amri ya baba yangu, na aliyetaka kumuona amebadilika uso basi angoje aitwe, kisha ajibu "Nini?" Mtoto wa kiume alitakiwa aseme naam. Mimi, binti yake na mwanawe wa pekee, nilitakiwa niseme labeka, na labeka niliisema mpaka nikaolewa, nikaachika, nikarudi kwetu nikaendelea kuisema. Yeye mwenyewe akiitwa, hata na mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi, aliitika "Naam" iliyokamilika, ile ain, herufi ya Kiarabu, ikitoka kooni kama alivyofundishwa chuo cha Kurani. Hakuimeza hata alipokuwa mgonjwa.

Hiyo naam yake niliinunua. Nilitoa pesa yangu ya halali, nikaambiwa asante kwa kununua, na baadaye nikanyang'anywa. Nayasimulia haya kwa hasira, wala sioni sababu ya kuificha.

Miaka michache kabla baba hajafariki, walikuja wageni kupiga filamu Mji Mkongwe. Waliufunga uchochoro wetu kwa nyaya na mataa, wakamwambia mama aanue nguo zake kwenye kamba, halafu wakamwomba azianike tena kwa sababu zilikuwa zinapendeza. Walikuwa wanatafuta mzee wa kutokeza dirishani. Kisa chenyewe kilikuwa cha mtu aliyekimbia na askari anayemsaka: askari anapita chini, anaita "Mzee!", dirisha la juu linafunguka, mzee anajibu, askari anatikisa kichwa na kupita. Walipomuona baba amekaa barazani na kanzu yake na kofia ya viua, wakasema ndiye huyu.

Tatizo likawa neno. Karatasi yao ilitaka mzee aseme "Nini?" kwa ukali, kama mtu aliyekatizwa usingizi. Baba akakataa. Mkalimani wao akambembeleza, akamwambia huu ni mchezo tu, mzee wangu, hakuna atakayekudhania vibaya.

"Mie nikiitwa naitika," baba akasema. "Kama hamuitaki naam, tafuteni dirisha jengine."

Yule mkubwa wao aliyekaa nyuma ya kamera alikuwa ameshachoshwa na jua, akakubali. Ndivyo naam ilivyoingia kwenye filamu, na baba alijisifia jambo hilo kuliko yote aliyoyafanya ujanani. Wageni wakala pilau ya mama, wakaahidi kutuletea nakala, wakaenda zao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tuliachiwa masufuria tuyaoshe.

Baba alipofariki ndipo tulipogundua kwamba sauti yake haimo popote. Picha zake zilikuwepo, ya harusi, ya pasi ya kusafiria, ya sikukuu fulani akiwa amesinzia kitini. Lakini alikuwa hapendi kuzungumza ndani ya simu. Ukimpa atume ujumbe wa sauti hukurudishia, akakwambia maneno ni ya mtu unayemuona. Mama alikaa eda yake yote bila ya kulalamika, na ilipokwisha akaniambia jambo moja tu.

"Picha haiitiki, mwanangu," alisema.

Mimi nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja Kendwa, na siku zangu za mapumziko huja mjini kukaa naye. Siku moja nikapita Mlandege kwa bwana mmoja anayeuza filamu, yule unayempa flashi akakurushia chochote unachotaka. Nikamweleza ile filamu, wageni, uchochoro, askari, na kwamba namtafutia mama.

"Ninayo," akasema. "Tena iliyotafsiriwa, mama atafahamu kila kitu."

Nilirudi nyumbani mbio. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Yeye kainunua kwa wenyewe?" Nikamwambia hakuna anayenunua kwa wenyewe, mji mzima unaangalia hizo hizo.

"Basi mji mzima na uangalie," akasema. "Sauti ya baba yako haingii nyumba hii kwa wizi."

Mama ni binti wa muuza vitambaa. Kwake yeye biashara ni maneno mawili: muuzaji aseme nimekuuzia, mnunuzi aseme nimekubali. Yakishatamkwa, kitu kimehama mkono, hata kama bado kimelala kwenye rafu ya mwenye duka. Babu yangu, anasema, aliwahi kukaa na jora la mtu msimu mzima, likapanda bei, na hakuliuza kwa mwengine kwa sababu halikuwa lake tena.

Kwa hiyo nikaitafuta filamu mtandaoni, nikaipata katika duka moja la ng'ambo. Chini ya picha palikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kukodi na kimoja cha kununua. Nikamsomea mama vyote viwili.

"Kukodi?" akacheka. "Mume hakodishwi. Nunua."

Nikabonyeza. "Na wao wamesemaje?" akauliza. Nikamsomea: Asante kwa kununua. Mama akaridhika. "Basi ishakuwa yetu," akasema, na akainuka kwenda kusali.

Tangu hapo Ijumaa nisizokuwa kazini zikawa na utaratibu wake. Tukishakula, mama huoga, hujifukiza udi, huvaa kanga mpya na kukaa mbele ya televisheni. Filamu yenyewe alikuwa hana habari nayo. Mambo ya risasi na wanawake waliovaa nusunusu aliyapitisha kwa kujifunika uso na ncha ya kanga, huku akiniuliza kama bado. Alikuwa anangoja uchochoro wetu. Askari anapita, anainua kichwa, na kabla hajaita, mama humtangulia.

"Bwana wee!"

Dirisha linafunguka. "Naam," anasema baba.

Basi, ilikuwa hivyo tu. Mama hucheka kidogo peke yake, tunazima, anakwenda kuivua kanga yake nzuri. Nilikuwa naona haya kuwepo pale, kama niliyeingia chumbani kwao bila ya kupiga hodi.

Ijumaa moja mama amekaa tayari, chumba kizima kinanukia udi, nikafungua na filamu haikuwepo mahali pake. Nilipoitafuta kwa jina pakatokea maandishi: haipatikani tena katika eneo lako. Nikamsomea mama kama nilivyoyaona.

"Eneo letu?" akauliza. "Kwani hiyo ilipigwa wapi?" Akaninyooshea kidole dirisha la juu, lile lile, na bawaba yake iliyolegea tangu siku walipolifungua na kulifunga wale wageni.

Nikawaandikia wenye duka kwa Kiingereza changu cha hotelini, chenye tafadhali nyingi. Jibu likaja kwa Kiswahili, Kiswahili cha mashine, kisichokuwa na mate wala pumzi. Mpendwa mteja, tunasikitika kwa usumbufu. Likaeleza kwamba sikununua filamu bali nilinunua leseni ya kuitazama, na leseni hiyo hudumu maadamu mwenye haki ameruhusu, na mwenye haki sasa ameiondoa ruhusa yake. Yote hayo, wakasema, yamo katika masharti niliyoyakubali.

"Leseni?" mama akasema. "Ya gari?"

Nikamweleza tena, polepole, mpaka nikafika kwa mwenye haki. Hapo ndipo alipokasirika, na mama si mtu wa kukasirika.

"Mwenye haki nani zaidi yangu mie? Nimekaa naye umri wangu wote, nimemuuguza, nimemkalia eda. Hebu waulize huyo mwenye haki wao, kamfulia lini kanzu?"

Nikawauliza, ingawa si kwa maneno hayo. Wakanijibu kwa barua ile ile, nukta kwa nukta. Nikaandika tena, nikawaeleza kwamba mle ndani yumo baba yangu, ameshafariki, filamu nzima siitaki, nipeni ile naam peke yake. Barua ile ile ikarudi, na safari hii chini yake wakaniuliza kama nimeridhika na huduma. Watu wanaitwa na hawaitiki. Baba asingekaa nao meza moja.

Na mimi kazi yangu ni kuuza vyumba. Hebu nimuuzie mgeni chumba Kendwa, kisha nimtoe nje na mabegi yake, nimwambie ulichonunua bwana ni leseni ya kulala, na mwenye kitanda ameghairi. Atapiga kelele mpaka Nungwi wamsikie, na atakuwa na haki yake. Sisi tulionyang'anywa kitu kilichopigwa mlangoni kwetu tunaandikiwa mpendwa mteja. Siku zile nilikuwa nikisimama mapokezi nikiwachekea watu kwa meno, na moyoni nikiwatukana wasiokuwa na kosa.

Mama hakulizungumza tena. Ijumaa zilikuja, akala, akaenda kujinyoosha na kanga yake ya kushindia. Udi ulikaa katika kijaluba chake haukuguswa. Mara moja nilimkuta amesimama uchochoroni, anatazama juu, nikajifanya sikumuona.

Kilichonikereketa zaidi ni kwamba yule bwana wa Mlandege bado alikuwa nayo. Hakumlipa mtu, hakukubali masharti ya mtu, na hakuna wa kuingia kwenye mashine yake akaitoa. Mwizi alibaki na mali, wanunuzi tukabaki na risiti. Wallahi, kama kuna siku niliyojuta kulelewa vizuri, ni zile.

Hatimaye siku moja mama akaniita kutoka jikoni.

"Labeka," nikaitika, nikaenda.

"Nenda kwa yule bwana wako wa Mlandege," akasema. Hakunitazama, alikuwa anachambua mchele. "Sie tushanunua. Mtu akifuata chake haibi."

Aliyasema upesi, na nilijua ameyatafuna siku nyingi kabla ya kuyatoa. Mtu ambaye akipewa chenji iliyozidi huirudisha dukani hata kwenye mvua, alikuwa ananituma kwa mwizi. Nikavaa buibui langu nikatoka kabla hajaghairi.

"Kumbe mnatujua?" yule bwana akanitania, akaichomeka flashi yangu. Alinirushia nikiwa nimesimama, kwa muda mfupi kuliko ule ninaotumia kumwandikisha mgeni mmoja.

Mama alikuwa ameshaoga. Alikuwa amekitoa kijaluba, amejifukiza, amevaa kanga ambayo sikuwahi kuiona, bado ina wanga wa dukani. Nilipomuona vile nikafurahi, na hasira yangu yote nikaiweka chini. Nikaichomeka flashi kwenye televisheni, nikakaa pembeni yake.

Nilikuwa nimelisahau lile neno, iliyotafsiriwa. Filamu hizi, huko Bara, kuna mtu hukaa na kipaza sauti akazisimulia kwa Kiswahili tangu mwanzo, juu ya maneno ya wenyewe, na utani wake anauongeza humo humo. Akizungumza yeye, sauti za chini zinazimwa. Na mtu huyo hanyamazi.

Mama aliisikia sauti ile ya kukwaruza tangu mwanzo, akaniuliza ni nani huyu, nikamwambia ni msimulizi tu, atanyamaza. Nilikuwa naomba Mungu anyamaze. Uchochoro wetu ukatokea. Nguo za mama zikatokea kwenye kamba. Askari akapita, akainua kichwa.

"Bwana wee!" mama akaita.

Dirisha likafunguka, baba akatokeza na kofia yake. Niliuona mdomo wake ukifunguka, nikaliona koo lake likipanda kwa ile ain. Na juu yake ikaja sauti ya mtu tusiyemjua, imejaa kicheko.

"Babu huyo! Kaamshwa, kanuna! Anauliza, nini? Nini nyie?"

Nikarudisha nyuma. Mama akaita tena, safari hii kwa sauti ndogo. "Nini? Nini nyie?" Nikainuka nikaweka sikio kwenye spika, nikarudisha tena, nikaitafuta naam chini ya maneno yale. Haikuwepo.

"Zima," mama akasema.

Nikazima. Akaitazama televisheni nyeusi, mikono juu ya kanga yake mpya.

"Na hii ndiyo inayoangaliwa na mji mzima?"

"Ndiyo, mama."

Akaivuta ncha ya kanga akajifunika uso, kama alivyokuwa akifanya kwa yale ya aibu.

"Watasema hakufunzwa," akasema.