Kombe la Bibi na Theluji ya Van Reenen

Asubuhi ya leo nilikuwa naanika nguo uani, jua limenipiga mgongoni mpaka nikavua sweta, simu ikalia. Mtu amenitumia picha. Barabara ya kwenda Johannesburg imefungwa, malori yamepangana hayaendi mbele wala nyuma, na vitu vyote ni vyeupe. Nimezitazama zile picha nikakaa chini kwenye ngazi. Nguo nyingine bado zimo kwenye beseni mpaka sasa ninapokuandikia.

Kama hujawahi kuishi Durban, rafiki yangu, utaniona mwongo. Hapa Julai ni mwezi wa jua. Asubuhi utavaa kitu kizito kidogo, ikifika saa nne umekifunga kiunoni. Lakini ukiendesha gari kwa muda wa saa tatu tu kwenda bara, barabara inapanda mlima wa Van Reenen, na kule juu ni dunia nyingine. Watu huondoka hapa na kandambili wakakutana na theluji kabla ya chakula cha mchana. Nilikua nikilijua jambo hilo kwa sababu baba yangu aliipanda barabara ile kila wiki.

Tulikaa Chatsworth. Sisi ni watu wa Tanga, lakini mtaani kwetu walikuwapo Wahindi, na Wazanzibari waliohamishiwa pale zamani, na jirani wa ukuta mmoja alikuwa Mkongo mwenye duka la simu Isipingo. Mama alifanya kazi kiwanda cha biskuti Mobeni, na jioni alirudi ananukia vanila hadi kwenye nywele. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetulea mchana. Nikifumba macho nasikia mbuzi yake ya nazi, krr krr krr, na nanusa mbaazi zikichemka, na juu yake bizari ya jirani wa upande wa pili inapita dirishani bila kubisha hodi.

Baba alikuwa na gari dogo la mizigo, bakkie kama wasemavyo huku. Alichukua makatoni kwenye maghala ya Mobeni akayapeleka kwa wafanyabiashara wa Johannesburg. Gari lile lilikuwa shamba letu na duka letu. Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuliosha, na hakuna kazi niliyoipenda kama hiyo. Fundi alipokuja kulitazama nilichuchumaa pembeni yake, nikajua kila kifuniko na kila kizibo chake.

Majira ya baridi yalipoingia nyumba nzima ilijiandaa. Mama alikunja mablanketi mawili nyuma ya kiti, akajaza chupa ya chai ya tangawizi. Baba alitia sepetu, na vipande vya maboksi vya kutandika chini ya matairi yanayoteleza. Alikuwa na maneno yake aliyoyarudia mezani kama anafundisha darasa. Kwenye theluji usikanyage breki kwa hasira. Shuka na gia ndogo. Lori likiwa mbele yako, liache liende zake. Sisi watoto wa pwani tulimsikiliza midomo wazi, maana theluji tuliijua kwa kugusa barafu ya friji tu.

Bibi naye alikuwa na maandalizi yake. Mwalimu wa chuoni alimwandikia kombe: aya za Qurani kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha sahani ikasuuzwa na maji yale yakatiwa chupani. Kwao Tanga hakuna msafiri aliyetoka bila kunywa funda moja. Baba alikunywa mwanzoni. Baadaye akawa mtu wa haraka, akawa anabusu mkono wa mama yake na kukimbilia usukani. "Mama, barabara ya huku haina mashetani, ina malori tu," alisema. Bibi aliirudisha chupa kabatini taratibu sana.

Mwaka niliokuwa na miaka tisa, siku moja kabla ya safari, bibi aliniita uani. Baba alikuwa amelala, mama yuko kazini. Bibi alishika ile chupa.

"Kama yeye hanywi, gari litakunywa," akaniambia. "Wewe wajua linapotiwa maji. Nifungulie."

Nilijua, na nilijivunia kujua. Nilifungua boneti, nikafungua kifuniko cha rejeta. Mle ndani maji yalikuwa ya kijani, mazito kidogo. Bibi aliyanusa akakunja uso. Maneno ya Mungu, alisema, hayawezi kuchanganywa na uchafu kama ule. Basi nikaingia chini ya gari kama nilivyomwona fundi akifanya, nikazungusha kizibo cha chini, na maji ya kijani yakatoka yote kwenye beseni. Tuliyamwaga mtaroni. Tukatia maji safi ya bomba, na juu yake bibi akamimina kombe lote, anasoma polepole, mpaka tone la mwisho. Yaliyobaki kwenye kidole alinipaka mimi kwenye paji la uso.

"Usimwambie," alisema. "Atacheka."

Baba aliondoka kesho yake baada ya sala ya alfajiri. Siku hiyo Durban ilikuwa na jua zuri ajabu.

Siku ya pili jirani wetu Mkongo alikuja asubuhi, hakuingia, alisimama mlangoni. Yeye alimwita bibi Koko, kama wanavyowaita bibi kwao.

"Koko, banasema route imefungwa. Kule juu iko neige, theluji mingi sana, ata camion kubwa haziweze kupita."

"Mwanangu je?"

"Téléphone yake haipatikane. Lakini usiogope, Koko."

"Mwanangu yuko juu ya mlima, nawe waniambia nisiogope?"

Mchana fundi naye akaja kututuliza, Mtanzania mwenzetu, mtu mwema, mikono myeusi ya grisi. Aliketi kwenye mkeka, akanywa chai. "Msiwe na wasiwasi," alisema. "Gari lake nimelitia mwenyewe dawa ya kijani kwenye rejeta. Maji yenye dawa ile hayagandi. Atawasha injini, atapata joto, atakaa humo hata siku tatu. Wenye maji matupu ndio watakaopasukiwa na injini, na asiye na joto kule usiku mmoja anaweza asiumalize."

Bibi alikuwa anachagua mchele. Mikono yake ikasimama. Aliniangalia mimi, nami nikamwangalia yeye. Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile na nimezika watu niliowapenda, lakini sijaona tena uso kama ule.

Tangu saa ile bibi hakula. Mama alimbembeleza akidhani ni hofu ya mzazi tu. Alikaa kwenye msala, akainuka, akaenda kusimama mbele ya lile kabati, akarudi. Mara mbili nilimfuata mama nimwambie, nikarudi. Niliogopa kwamba nimemuua baba yangu. Nakuambia hivyo bila kupamba, ndivyo nilivyowaza, kwa maneno hayohayo, huku watoto wenzangu wanacheza mpira barabarani wamevaa kaptula.

Siku ya tatu alasiri jirani alirudi mbio kutoka dukani, miguu mitupu, simu mkononi. "Iko muzima! Papa iko muzima!" Mama alipiga kelele. Bibi alikaa chini pale pale jikoni, kwenye sakafu, akafunika uso na kanga.

Baba aliletwa na lori la watu mpaka Mobeni, mama akaenda kumpokea. Aliingia nyumbani amepungua, midomo imepasuka, anakanyaga kama mtu anayetembea juu ya kokoto. Alisema viatu vilimbana. Gari hakurudi nalo. Injini ilipasuka vipande.

Bibi hakusubiri hata aoge. Alisimama mbele yake, akaanza, "Mwanangu, mimi..." Baba akamshika mikono yote miwili.

"Mama, nimekuja kukushukuru," alisema. "Nilisimama kituo cha mafuta, chini kabisa, kabla ya mlima. Usiku rejeta ikaganda. Asubuhi nikaona barafu ya manjano, nikanusa, nikajua ni zafarani yako. Gari likagoma. Wenzangu wakaniacha wakapanda, na huko juu malori yakateleza yakagongana. Kama gari langu lingewaka, ningekuwa katikati yao. Kombe lako lilinizuia nisipande."

Bibi alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefunguliwa kamba. Usiku ule alikula. Na miaka minane aliyoishi baadaye, hapakuwa na mwanamke Chatsworth ambaye hakusimuliwa habari ile, msikitini, sokoni, arusini. Wazanzibari wa mtaani walikuwa wakimletea wasafiri wao. Baba hakuwahi kununua gari jingine. Aliajiriwa ghalani Mobeni, akawa anapakia makatoni kwenye magari ya watu. Hakulalamika hata siku moja, nami nilisadiki kila neno la kisa kile, nikalala usingizi.

Bibi alipofariki tulisoma arubaini yake nyumbani. Wageni walipoondoka, mimi na baba tukabaki uani tunasugua masufuria ya pilau. Nilimwambia kwamba nafurahi kombe la bibi lilimwokoa.

"Sikusimama kituo chochote," akasema. "Nilikuwa juu, katikati ya malori. Tulizima injini kubana mafuta. Langu halikuwaka tena. Usiku wa pili sikuisikia miguu, nikatoa shahada. Dereva mmoja wa lori akaja kugonga kioo, akanibeba kwenye lori lake."

Niliacha sufuria. Nilimwuliza kwa nini alisema vile.

"Ningemwambia nini mama yangu? Kwamba alinipenda mpaka akakaribia kuniua?" Akanitazama. "Na kizibo cha chini bibi hakuweza kukifikia na magoti yale. Nilijua kilifunguliwa na nani. Ulikuwa na miaka tisa."

Kumbe uongo ule aliutunga kwa ajili ya watu wawili, bibi na mimi, na miaka yote niliupokea kama kisa cha kweli.

Sasa nyumba ya Chatsworth wanakaa watu wengine. Mwalimu wa chuoni amekufa, na sijui kama yupo mtu huku anayeandika kombe kwa zafarani halisi. Jirani alihamia Cape Town. Mama amestaafu na hanukii vanila tena. Baba bado yupo, anakaa nami. Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, miguu humuuma mpaka hawezi kuvaa viatu, nami humkanda kwa mafuta ya moto jioni. Anasema ni uzee. Namwambia ndiyo, baba, ni uzee.