Sauti ya Harusi Bila Picha

Nimefundisha fizikia kwa miaka thelathini na miwili, na katika muda huo wote sikumruhusu mwanafunzi kuniletea jibu linaloanza na "nimesikia". Kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuyasikia kwa mtu. Yalitokea sebuleni kwangu, hapa Bariadi, saa nane mchana, jua likiwaka, miwani yangu ikiwa usoni. Asiyeamini na aache, ila asiseme nimetunga.

Mke wangu alikuwa akipoteza macho. Ilikuwa presha ya macho, na daktari alitueleza bila kuficha kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi, na uliobaki ungeondoka kabla ya mwaka kwisha. Hakulia. Alisema ana haja moja tu, kumwona Minza. Minza alikuwa binti yetu wa pekee, akafariki akijifungua. Picha za karatasi mama yake hakuzitaka; alisema zimemnyima mtoto mwendo wake. Minza anayetembea na kucheka alibaki mahali pamoja tu, kwenye diski ya harusi yake.

Sasa sikiliza habari ya deki yetu, mashine ya kuchezea diski. Mpwa wangu alikuwa ameiazima, akaiunganisha na runinga yake kwa zile waya tatu za picha, nyekundu, bluu na kijani, kisha akairudisha. Runinga yangu hupokea picha kwa waya mmoja wa njano, na sauti kwa mweupe na mwekundu. Nilichomeka kila waya mahali pake. Sauti ikatoka safi, kwaya na vigelegele. Kioo kikabaki cheusi.

Nilisoma kijitabu cha maelekezo hadi nikaipata sababu. Deki ilikuwa bado imeamriwa kutoa picha kwa njia ya waya tatu. Ili kuibadilisha, sharti ufungue ukurasa wa mipangilio. Ukurasa huo huonekana kwenye kioo. Na kioo hakionyeshi chochote mpaka uwe umekwisha kuibadilisha. Je, umewahi kuona upumbavu wa namna hiyo ukibuniwa na watu waliosoma?

Siku nne nilibonyeza rimoti gizani. Majirani wakaja na elimu yao. Mmoja alisema diski imekufa. Mwingine alisema sura ya marehemu haipendi kusumbuliwa. Nikamuuliza ameambiwa na nani. Na shemeji yake. Na shemeji aliambiwa na nani? Hakujua.

"Baba Minza," mke wangu akaniambia siku ya nne, "sauti nitakuwa nayo hata nikishapofuka. Tuipeleke kwa fundi."

Nilikataa. Fundi huyo nilimfundisha umeme mimi mwenyewe, tena alikuwa wa mwisho darasani. Ndivyo nilivyokuwa, na sijifichi.

Muda huohuo tukasikia hodi.

"Mwadila, Mwalimu."

"Mwadila," nikaitikia salamu hiyo ya Kisukuma. "Nani mwenzetu?"

"Ngasa. Natoka Kasoli. Nimepita hapa nje nikasikia harusi inalia peke yake."

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mpole, shati limepigwa pasi. Nilimkaribisha ndani, nikarudisha komeo la mlango ili mbuzi wa jirani wasiingie. Hakukaa kwenye kiti nilichomwonyesha. Alisimama nyuma ya bega la mke wangu.

"Mwalimu, unaigombeza bure hiyo. Nipe rimoti."

Alibonyeza kama mara tano, upesi, bila kutazama deki wala runinga. Niamini, macho yake yalikuwa kwa mke wangu. Kioo kikawaka. Rangi zote zilikuwapo.

Mke wangu alisogeza kigoda hadi pua yake ikakaribia kioo. Minza alikuwa mbali, katikati ya safu ya wanawake wanaocheza, ametupa mgongo. Picha ikaanza kumsogelea polepole. Kisha sauti ya mpiga video ikasikika kutoka kwenye runinga: "Bibi harusi, tazama huku."

Nilimgeukia Ngasa, kwa kuwa sauti ile ilikuwa yake.

"Ni wewe uliyepiga video hii?"

"Ni mimi. Anageuka sasa hivi." Akanirudishia rimoti. "Usiizime, Mwalimu, mpaka mama amwone."

Mimi nilifanya nini? Niliogopa kwamba mgeni ataondoka na maarifa yake, aniache tena gizani. Nikaisimamisha diski ili nifungue mipangilio na kunakili hatua zake. Dakika moja tu, nikasema.

Kioo kikawa cheusi. Nilipogeuka, nyuma ya mke wangu hapakuwa na mtu, na komeo la mlango lilikuwa mahali pake, kama nilivyolitia.

"Alikuwa anageuka," mke wangu alisema, kiganja chake kikiwa bado kwenye kioo. "Baba Minza, alikuwa anageuka."

Siku iliyofuata niliibeba deki kwa fundi, bila kiburi. Aliikagua kwa runinga yake. Mipangilio ilikuwa sahihi, na diski nyingine zilionyesha vizuri. Ya Minza ilitoa sauti tu. Ikawa hivyo kwenye kila mashine niliyoipelekea, hata Mwanza.

Kisha nilikwenda Kasoli, maana sikutaka kusimuliwa. Mama mmoja mzee alinipeleka nyuma ya nyumba yake, ukingoni mwa shamba la pamba, nikausoma msalaba kwa macho yangu. Ngasa alizikwa mwaka uliofuata harusi ya binti yangu.

"Kazi yake ilimpa huzuni," mama yake alisema. "Alikuwa akisema watu wanalipia video, halafu wanazifungia kabatini."

Mke wangu sasa haoni kabisa. Hajanilaumu hata siku moja, na ingekuwa afadhali angenilaumu. Wewe unayesoma, mwenzako akiletewa kitu alichokingojea, mwache akipokee kwanza. Maswali yako yasubiri nje, hata yakiwa ya haki. Mimi huulizwa swali moja tu, jioni tukikaa. "Wewe uliyekuwa na macho, aligeuka?" Nami sikuona, kwa sababu wakati huo nilikuwa nikitafuta kitufe kwenye rimoti.