Hamsini na Mbili ya Kitengela

Sijawahi kumwambia mtu hili: si daktari aliyesema mama amepona. Ni mimi.

Mwezi wa tatu, kule Kajiado, picha ya moyo wake ilionyesha unasukuma damu kwa asilimia thelathini na nane. Wiki mbili zilizopita akapimwa hapa Kitengela, karatasi ikasema hamsini na mbili.

Nilikuwa nimesoma kwamba hiyo ni karibu na kawaida. Nikamwambia, "Mama, nimesoma. Umepona."

Jumapili akatoa ushuhuda kanisani. Watu walipiga vigelegele! Tangu siku hiyo akaacha dawa zake za moyo.

Leo tulirudi Kajiado. Mpimaji wa ile mara ya kwanza akafungua picha za Kitengela, zilezile, akachora mistari yake mwenyewe kuzunguka moyo.

Thelathini na tisa.

"Kwani moyo umeshuka tena?" mama akauliza.

"Haujashuka, mama. Haukuwa umepanda. Mwenzangu alipitisha mstari hapa, mimi naupitisha hapa. Picha haiko wazi sana."

"Sasa nani amekosea?"

"Huwa tunatofautiana hivyo."

Mama akanigeukia. "Si ulisema umesoma?"

Hakuwa amekasirika. (Afadhali angekasirika.)

"Na Pasta nitamwambia nini?"

Nyinyi mngemjibu nini? Niambieni.

Daktari akasema arudie dawa. Nikapanga foleni kwenye dirisha la dawa, nikachukua zile za zamani, nikamfungulia chupa ya maji. Akameza moja akiangalia ukuta.