Kipimo Nilichokipatania Bei

Mgongo wangu umenigharimu shilingi laki tisa na elfu arobaini na nne. Nimehesabu mara mbili na jibu ni lile lile. Humo mna nauli, chakula cha njiani, ada ya daktari bingwa mara mbili, na vipimo viwili. Kipimo kimoja kingetosha.

Kazi yangu ni mananasi. Nanunua mashambani Miono, nayakusanya Msata, nauza kwa jumla kwa wenye malori. Miaka ishirini nimekula kwa kupunguza bei. Mkulima akitaja mia nane, sikio langu linasikia mia tano. Mguu wa kushoto ulipoanza kufa ganzi, nilikwenda hospitali na sikio hilo hilo.

Daktari wa Bagamoyo aliniandikia kipimo kikubwa cha mgongo, kile cha kulazwa ndani ya bomba, nikakifanye Dar. Akaandika kabisa kwamba nichomwe dawa mshipani ili picha ionekane vizuri. Nilipofika dirisha la malipo, kijana akaniambia, "Laki nne na sabini, mama."

"Na bila dawa?"

"Laki tatu na nusu. Lakini daktari kaandika na dawa."

"Kaandika, kwani ndiye anayelipa? Itoe."

"Mama, hili si fungu la nyanya ukaniambia nitoe moja."

"Lingekuwa la nyanya ningekuambia uongeze."

Foleni nzima ikacheka. Nikatia saini mahali aliponionyesha, nikaingia kwenye bomba nimeokoa laki moja na elfu ishirini. Nakumbuka nilijiona mjanja hata mle ndani, mashine ikigonga kama mafundi wa bati.

Majibu yalisema kuna doa kwenye pingili ya kiuno, kubwa kidogo kuliko punje ya mahindi. Huenda nimezaliwa nalo, huenda ni uvimbe. Bila dawa haijulikani. Irudiwe.

Nina dada yangu anayekaa Kaole, tumbo moja, ananizidi miaka tisa. Mama yetu alipofariki ndiye aliyenilea. Na mama alianza na kivimbe kidogo tu, ambacho kila mtu alisema si kitu. Kwa hiyo nilipofika kwake nikamwamkia, akaitikia marahaba na kuniuliza wamesemaje, nikaona nikimwambia nimekataa dawa kwa ajili ya laki moja atanifukuza uani kwake. Nikasema, "Mashine yao haikuona vizuri."

"Haikuona nini?"

"Kuna doa."

Akaweka chini mwiko. Hakuuliza tena habari za mashine.

Ijumaa ile kikundi chetu cha kufa na kuzikana kikakaa. Sisi ni wanawake ishirini na wanne, wauza samaki, wauza maandazi, wasuka ukili wa mikeka. Fedha zangu zilikuwa zimelala kwenye mananasi, wakanichangia laki tatu. Ubani ukafukizwa, dua ikasomwa, mimi nimekaa mkekani nimeinamisha kichwa. Walidhani ni hofu. Hofu ilikuwepo, sikatai. Lakini nilikuwa naangalia vidole vyangu na kujua kwamba kila shilingi iliyopita pale ilikuwa inanunua kitu nilichokikataa mwenyewe dirishani.

Dada akanipa laki na elfu themanini, zimefungwa kwenye pindo la kanga.

"Umezitoa wapi, dada?"

"Nimezitoa nilikoziweka. Hesabu zako kahesabie mananasi."

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ndiye aliyenieleza zilikotoka. Dada alikuwa amenunua mabati manane ya kuezekea jiko lake, moja moja kwa elfu ishirini na nane, kila alipouza vitumbua vya kutosha. Aliyarudisha yote dukani, akapewa hiyo laki na themanini. Hasara elfu arobaini na nne. Na wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba dada yangu hajui kupatana.

Safari ya pili alinifuata. Nilimwambia abaki, akasema, "Nibaki nimlinde nani?" Nikachomwa dawa, nikalazwa tena ndani ya bomba, tukasubiri. Daktari bingwa, si yule wa mara ya kwanza, alipotuita alianza na jema. Lile doa ni kifundo cha mishipa midogo ya damu, nimezaliwa nacho na nitazikwa nacho, hakina neno. Ganzi inatokana na mshipa wa fahamu uliobanwa. Nifanye mazoezi, nisibebe matenga. Dada akasema Alhamdulillahi mara tatu, analia.

Kisha daktari akafunua karatasi za mwanzo. "Mbona mara ya kwanza hukuchomwa dawa?"

"Mashine yao ilikuwa na matatizo," nikasema.

Kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja. Niliuona kutoka nilipokaa: mgonjwa amekataa dawa, na chini yake saini yangu. Dada, ambaye miwani yake ilikuwa Kaole, akainama. "Imeandikwaje hapo, baba?"

Daktari akanitazama. Mimi ninayejibishana na madereva wa malori nikaanza kukunja risiti.

"Imeandikwa irudiwe, mama," akamwambia. "Na imerudiwa."

Tangu siku hiyo nimejaribu kulipa. Nilimpelekea mwenyekiti wa kikundi laki tatu, akazisukuma nyuma. "Mchango wa ugonjwa haurudi, shoga. Ukiurudisha unatuambia siku yetu ikifika tusibishe hodi kwako." Sikumwambia kwa nini nazirudisha. Nilizibeba tena hadi nyumbani.

Kwa dada ni pagumu zaidi. Mabati naweza kuyanunua leo, mananasi yameuzwa, fedha ninayo. Lakini ataniuliza kwa nini namlipa alichonipa kwa ugonjwa, na nikifungua mdomo nitaeleza au nitadanganya mara ya tatu. Wiki iliyopita mvua ilinyesha nikiwa kwake. Alikuwa akipika chini ya makuti yanayovuja, sufuria kaifunika kwa sinia, akanicheka, "Kaa huku bibie, mgongo wako usilowe, umetugharimu."

Sasa nawauliza ninyi mliowahi kuchangiwa na mnaojua desturi zetu. Nimwezekee jiko kwanza ndipo niseme, aone nimejinunulia msamaha? Au niseme kwanza, ayakatae mabati na apike kwenye mvua? Nishaurini, masika hayajaisha.